Samadi ya uani yaweza kuuzima moshi wa jikoni



Katika safu yetu ya afya leo tunazungumzia mambo mawili ambayo katika nyumba zetu nyingi yapo hatua chache tu kutoka moja hadi jingine, lakini hatuyahusishi. La kwanza ni moshi wa jikoni. La pili ni lundo la samadi na taka nyuma ya nyumba. Moshi unawaumiza akina mama na watoto kifua na macho. Lundo linaleta nzi, harufu mbaya na maradhi ya kuhara. Ukweli ni kwamba hilo la pili linaweza kuwa dawa ya hilo la kwanza, iwapo tutajua namna ya kulitumia na tukachunga usafi.

Shangazi yangu hajapata kuvuta sigara maishani mwake. Alipopelekwa hospitali kwa kikohozi kilichomsumbua kwa miezi kadhaa, jambo la kwanza alilouliza daktari ni kama anavuta, na kwa muda gani. Sisi tuliokuwa naye tulishangaa, yeye mwenyewe alikasirika kidogo. Daktari hakukosea kuuliza. Kifua alichokisikiliza kilikuwa kama cha mvutaji wa miaka mingi. Shangazi hakuvuta sigara, lakini alikuwa amevuta moshi wa kuni kwa zaidi ya miaka arobaini, asubuhi, mchana na jioni, katika jiko lenye kidirisha kimoja. Na nyuma ya jiko hilo hilo kuna zizi la ng'ombe wawili wa maziwa wa mwanawe. Samadi yao inarundikwa mpaka msimu wa kulima.

Kisa cha shangazi ni cha nyumba nyingi, na ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya.

Moshi wa kuni una nini?

Watu wengi huona moshi ni kero ya macho tu, ukitoka nje basi umepona. Sivyo. Ndani ya moshi wa kuni, mkaa na mabua mna chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo hupenya mpaka ndani kabisa ya mapafu na nyingine huingia katika damu. Pamoja nazo mna gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huizuia damu kubeba hewa safi ya oksijeni.

Matokeo yake ni nimonia kwa watoto wadogo, maradhi sugu ya mapafu kwa watu wazima, maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na mtoto wa jicho. Mama mjamzito anayepika kwa moshi kila siku anajihatarisha kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 pekee moshi na hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Watoto hao hawakuwasha moto. Walikuwa wamebebwa mgongoni au wamekaa karibu na mama zao.

Taka hugeukaje kuwa moto?

Kila kilichokuwa na uhai, iwe jani, ganda la ndizi, pumba za mpunga au samadi, kina nguvu ndani yake. Nguvu hiyo imetoka kwenye jua, ikahifadhiwa na mmea. Ng'ombe akila majani hutumia sehemu tu ya nguvu hiyo, nyingine hutoka na mavi. Tukiyaacha mavi yaoze uani, nguvu hiyo hupotea hewani bila ya faida.

Lakini mavi hayo yakichanganywa na maji na kufungiwa mahali pasipoingia hewa, hufanya kazi bakteria wa aina nyingine, wale wasiohitaji oksijeni. Hao huyavunjavunja mavi kidogo kidogo na kutoa gesi inayowaka. Gesi hiyo ndiyo bayogesi. Sehemu yake kubwa, kati ya 50 na 70 kwa 100, ni methani, ambayo ndiyo inayoshika moto. Inayobaki karibu yote ni kaboni dayoksaidi, na kiasi kidogo sana cha gesi yenye harufu ya yai viza.

Elimu hii si ya jana. Mtaalamu wa Kitaliano, Alessandro Volta, aliikusanya gesi ya methani kutoka kwenye matope ya ziwa mwaka 1776 na kuonesha kuwa inawaka. Hapa Tanzania kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikijenga na kufundisha mitambo ya bayogesi tangu miaka ya 1980, na mwaka 2009 ulianzishwa mpango maalumu wa kuisambaza majumbani, sambamba na nchi nyingine za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda. Huko Hale, mkoani Tanga, hata mabaki ya mkonge yaliyokuwa yakitupwa yaligeuzwa kuwa gesi ya kuzalishia umeme.

Mtambo wa nyumbani hauna mashine. Ni kisima cha matofali na saruji kilichochimbiwa ardhini na kufunikwa kwa kuba, mfano wa chungu kilichofudikizwa. Upande mmoja kuna karo ya kukorogea samadi na maji na bomba la kuingizia. Upande wa pili kuna mahali pa kutokea tope lililokwisha kuiva. Juu ya kuba hutoka bomba jembamba lenye koki, linalopeleka gesi mpaka jikoni. Gesi inavyojaa hulisukuma tope, na tope linavyorudi huisukuma gesi kwenda kwenye jiko. Mtambo ukijengwa na fundi aliyefunzwa, na ukatunzwa, huweza kudumu zaidi ya miaka 15.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue familia yenye ng'ombe wawili wanaofugwa bandani. Samadi inayoweza kukusanywa kwa siku ni kama kilo 25. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa takriban lita 40 za gesi, hivyo kilo 25 zitatoa lita 1,000 hivi, yaani mita moja ya ujazo. Jiko la kawaida la bayogesi hutumia kama lita 350 kwa saa. Kwa hiyo familia hiyo itapata muda wa kupika usiopungua saa mbili na nusu kwa siku kwa jiko moja. Hiyo inatosha chai ya asubuhi, ugali au wali na mboga yake. Maharage yaroweke tangu usiku, la sivyo yatamaliza gesi yote.

Kiasi hicho cha gesi kinachukua nafasi ya takriban kilo 5 za kuni, au kilo moja na nusu ya mkaa, kila siku. Zidisha kwa mwezi, kisha kwa mwaka, uone ni fedha kiasi gani, au ni safari ngapi za kwenda kutafuta kuni. Katika mwezi wa Ramadhani akina mama wataelewa zaidi faida yake. Gesi inayojikusanya usiku huwa tayari wakati wa daku, na mwenye nyumba hana haja ya kuamka saa nzima kabla ili apulize kuni zilizolowa umande.

Ni vyema ikaeleweka pia kuwa mwenye ng'ombe wa kuchungwa mbali hatapata kiasi hicho, kwani samadi nyingi hubaki malishoni. Na asiye na maji ya karibu atapata taabu, maana kila ndoo ya samadi huhitaji ndoo moja ya maji. Maji hayo si lazima yawe safi ya kunywa. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa, na hata maji ya udhu yakikingwa badala ya kumwagwa yanafaa sana.

Je, gesi hii si najisi?

Hili ni swali ambalo wengi huuliza, na wengine huikataa bayogesi kwa sababu hiyo kabla hata ya kuuliza. Kwa upande wa fiqhi, wanachuoni wana kauli tofauti kuhusu kinyesi cha mnyama anayeliwa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu katika mwambao huu tunayafuata, ni najisi. Katika madhehebu ya Imam Malik na Imam Ahmad bin Hanbal, kinyesi cha mnyama anayeliwa ni twahara. Hukumu kamili juu ya gesi yenyewe tunawaachia masheikh, kwani hii ni safu ya afya. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, lakini kwanza ayafahamu mambo yenyewe yalivyo.

Kinachofika jikoni si mavi, bali ni gesi. Gesi hiyo huungua chini ya sufuria, na inapoungua vizuri hubaki mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Haiachi masizi, na chakula hakinuki. Methani iliyomo ndani yake ndiyo hiyo hiyo inayopatikana kwa wingi katika gesi asilia inayochimbwa Songosongo na Mtwara.

Pahala pa kuchunga najisi, na pa kuchunga maradhi vilevile, ni kwenye mikono, nguo na viatu vya anayekoroga samadi. Hapo twahara na afya vinakwenda pamoja. Awe na viatu vya mpira na nguo maalumu za kazi hiyo, avivue kabla ya kuingia ndani, na anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kushika chombo cha chakula au kumshika mtoto. Asiwe mama yule yule anayekatiza kupika ili akakoroge samadi. Vijana wa kiume wanaiweza kazi hii, nayo haizidi nusu saa kwa siku.

Mitambo ya vyoo

Ipo mitambo inayounganishwa na vyoo, hasa penye watu wengi. Nchini Rwanda, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali (KIST) ilijenga mitambo ya aina hii katika magereza kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, ikapunguza kuni za jikoni kwa takriban nusu na kuondoa tatizo la vyoo kufurika, na mwaka 2005 ikapewa Tuzo ya Ashden. Shule na madrasa zetu za bweni zina tatizo hilo hilo la kuni nyingi na vyoo vinavyojaa. Hata hivyo kinyesi cha binadamu kina hatari kubwa zaidi ya maradhi, na unajisi wake hauna mjadala. Kazi hiyo isifanywe bila ya wataalamu wa ujenzi na maafisa wa afya, na tope lake lisishikwe kwa mikono kabisa.

Mtambo una tumbo

Wataalamu hupenda kuufananisha mtambo na tumbo la ng'ombe, nasi tunaona mfano huo unasaidia. Ukianza kuujaza, subiri. Bakteria huchukua wiki kadhaa kuzaliana. Gesi ya mwanzo huwa imechanganyika na hewa na haiwaki vizuri, hivyo huachiwa itoke nje, mbali na moto.

Baada ya hapo ulishe kila siku kwa kiasi kile kile. Maganda ya ndizi, mabaki ya chakula na majani laini yaliyokatwakatwa yanafaa, lakini kidogo kidogo pamoja na samadi. Ukiutupia ndoo nzima ya mabaki ya wali wa harusi kwa siku moja, utachacha kama tumbo lililovimbiwa na gesi itakatika. Usitie mchanga, vijiti, sabuni, dawa za kuulia wadudu wala mafuta ya mashine. Na ng'ombe akiwa katika dawa za antibiotiki, samadi yake iwekwe kando kwa siku hizo, kwani dawa inayoua bakteria wa maradhi huwaua pia bakteria wanaotoa gesi.

Hapa tukumbushe jambo la Idd el Hajj. Kila mwaka baada ya kuchinja, taka za matumboni mwa wanyama hutupwa mitaroni au kuachwa wazi, nzi wakajaa na mtaa ukanuka kwa siku tatu nne. Majani yaliyosagika yaliyomo katika tumbo kubwa la ng'ombe au mbuzi yamejaa bakteria wanaohitajika, na ni chachu nzuri ya kuanzishia mtambo mpya au kuufufua uliolegea. Mwenye mtambo mtaani anaweza kuyapokea kwa kiasi. Yanayobaki yafukiwe shimoni, mbali na kisima cha maji.

Hatari za kuchunga

Bayogesi ni safi kuliko kuni, lakini ni gesi, na gesi haina mzaha. Ikichanganyika na hewa ndani ya chumba kilichofungwa inaweza kulipuka. Ukisikia harufu ya yai viza jikoni, usiwashe kiberiti wala swichi ya taa. Funga koki, fungua milango na madirisha, toka nje. Mabomba yakaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe yasikaguliwe kwa njiti ya kiberiti. Jiko la bayogesi nalo linataka dirisha, maana kila moto hula hewa.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mtu yeyote asiingie ndani ya kisima cha mtambo, hata kama kimemwagwa na kinaonekana kitupu. Humo hamna hewa ya kupumua. Anayeingia huanguka ghafla, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Mwito ni mmoja, aitwe fundi mwenye vifaa. Aidha, mifuniko ya karo iwe mizito na ifungwe daima, kwa ajili ya watoto.

Tope linalotoka ni mbolea nzuri. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu zilizokuwemo katika samadi bado zimo, na nzi hawalipendi kama wanavyoipenda samadi mbichi. Hata hivyo si kila kijidudu kimekufa. Mayai ya minyoo huweza kuvumilia safari yote. Kwa hiyo tope litiwe kwenye mahindi, migomba, miti ya matunda na majani ya mifugo, lisimwagiwe juu ya kachumbari, yaani nyanya, matango na mboga zinazoliwa mbichi.

Asiye na ng'ombe je?

Wenzetu wa mijini wasivunjike moyo. Vifuu vya nazi, pumba za mpunga, unga wa mbao na chenga za mkaa zinazobaki chini ya gunia zinaweza kufanywa mkaa mbadala. Vifuu na pumba huchomwa kwanza ndani ya pipa lenye hewa kidogo mpaka viwe vyeusi bila kuwa majivu, kisha hutwangwa, huchanganywa na uji wa unga wa muhogo, hufinyangwa au kushindiliwa na kuanikwa juani mpaka vikauke sawasawa. Mkaa huo huwaka polepole, moshi wake ni mdogo, na kila kilo yake huuokoa mti. Kazi ya kuchoma ifanyike nje, mbali na nyumba za watu.

Lakini onyo. Moshi kuwa mdogo si sawa na kutokuwepo sumu. Mkaa wa aina yoyote, wa mti au wa vifuu, hutoa kaboni monoksaidi unapowaka. Usiuingize chumbani usiku wa baridi au wa mvua, wala usimwekee mzazi aliyejifungua jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Familia nzima imewahi kulala na isiamke kwa sababu hiyo. Jiko la mkaa likae nje au palipo wazi.

Nani ataamua?

Mwezi Mei mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia Watanzania 80 kwa 100 ifikapo mwaka 2034. Hilo ni jambo jema, lakini mkakati hauchimbi kisima uani kwa mtu. Uamuzi unabaki ndani ya nyumba.

Na hapo ndipo penye tatizo. Katika nyumba zetu nyingi anayevuta moshi siye anayeshika fedha. Baba hurejea chakula kimeiva, hula na kushukuru, hajui kilipikwaje. Mtambo unagharimu, hatukatai, na si kila mtu ataumudu kwa mara moja. Lakini wapo wanaouza ndama na kununua pikipiki au televisheni kubwa, huku mama mzazi anakohoa mbele ya mafiga. Israfu tumekatazwa, na kuacha chenye manufaa kioze uani ilhali mtu wa nyumbani anaumia kwa kukosa manufaa hayo, nako ni kupoteza. Anayeweza aanze kuweka akiba. Ndugu wawili watatu wenye mipaka ya karibu wanaweza kushirikiana. Na asiyeweza leo, basi angalau apanue dirisha la jiko, akaushe kuni vizuri na awaweke watoto mbali na moshi.

Shangazi yangu anaendelea na dawa, alhamdulillah. Daktari alimwambia kuwa dawa hazitafaa kitu ikiwa atarudi kwenye moshi ule ule. Mwanawe alikuwepo, akasikia. Jioni ile alikwenda nyuma ya jiko akapima kwa hatua umbali kutoka zizini. Hatua kumi na mbili.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote na atuwezeshe kuzitunza afya zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.